Fortuner mpya na mchanga wa Mambrui: toa upepo kwanza

Ndugu, swali lako nimelisoma. Umechukua Fortuner mpya, Desemba unashuka na familia kutoka Nairobi hadi Mambrui, pwani juu ya Malindi, na mwenye nyumba mliyokodisha amekwambia kipande cha mwisho ni mchanga mtupu mpaka ufuoni. Aliyekuuzia gari naye amekuhakikishia kwamba ukishazungusha swichi ya 4x4, hakuna mchanga utakaokushinda. Unauliza kama ni kweli, na kama ununue matairi ya matope kabla ya safari.

Si kweli, na matairi hayo usinunue. Vijino vyake vikubwa vimetengenezwa vichimbe, na kuchimba ndiko usikokutaka kwenye mchanga mkavu. Yale ya kawaida yaliyokuja na gari yatakufaa zaidi, mradi uyatoe upepo.

Kazi yangu ni kuendesha wageni, kaskazini huko kwenye jangwa la Chalbi na North Horr, na pwani juu ya Malindi. Magari niliyosaidia kuyatoa mchangani karibu yote yalikuwa na 4x4 inayofanya kazi barabara, na matairi yamejaa ndi! Swichi ile inapeleka nguvu kwenye magurudumu manne badala ya mawili, basi. Gari lako tupu lina zaidi ya tani mbili, ongeza watoto, mizigo na maji ya kunywa. Kwa presha 35 (psi) ya lami, uzito wote huo umekalia vipande vinne vya mpira, kila kimoja ukubwa wa sahani. Mchanga mlaini haubebi uzito wa namna hiyo, kwa hiyo badala ya magurudumu mawili kuchimba, yatachimba manne.

Ukishusha hadi 20, tairi linalala. Wengi hudhani linapanuka kando, lakini hasa linarefuka mbele na nyuma, na gari linapita juu ya mchanga badala ya kuukata. Fanya kazi hiyo pale ardhi ingali ngumu, kabla hujaingia. Chuchumaa, fungua kifuniko cha valvu ukitie mfukoni (ukikiweka chini hutakiona tena), bonyeza kile kipini cha katikati kwa ncha ya ufunguo, uache upepo utoke. Pima, bonyeza tena, pima. Utaona ubavu wa tairi karibu na ardhi umefura kidogo. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Nunua geji yako mwenyewe. Kumbuka pia kwamba ukitoka moja kwa moja barabara kuu, matairi yana moto na geji itasoma juu kwa presha 4 au 5 kuliko ulivyojaza asubuhi. Ukiweza, wape watoto madafu kwanza, matairi yapoe.

Ukiona injini bado inahangaika kwa 20, shuka hadi 16. Chini ya hapo mimi siendi ila nimekwama na nataka kutoka tu, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo hivyo likikatwa kona kwa nguvu linaweza kuchomoka kwenye rimu, na kulirudisha ukiwa mchangani ni shughuli ya mchana kutwa. Mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa, kona ziwe pana. Taa ya tairi ikiwaka kwenye dashibodi, iache iwake.

Swichi sasa. Mchanga wa kawaida wa kutembea, weka H4, yaani 4x4 ya gia za kawaida. Penye mlaini sana, penye mwinuko, au unapojitoa, simamisha gari, weka gia huru, kisha L4, ile ya gia nzito za mwendo mdogo. Ule mfumo wa kuzuia gari kuteleza uzime unapotembea kwa H4. Kitufe chake kina picha ya gari lenye michirizi nyuma, na kwenye magari mengi hukibonyezi tu, unakishikilia sekunde kadhaa. Usipouzima, kompyuta ikiona magurudumu yanazunguka itakupunguzia nguvu, na ni wakati huohuo unaouhitaji mwendo kuliko kitu kingine. Kitabu cha gari kisome nyumbani, usiku, ukiwa na chai. Na ukirudi kwenye lami kavu toa 4x4 mara moja, kwa sababu Fortuner nyingi, tofauti na Prado, hazina difu ya katikati, ile inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti, na ukikata kona ukiwa H4 juu ya lami unakaza mitambo bure.

Kuendesha kwenyewe ni kutunza mwendo. Gia ya pili au ya tatu kwa kuchagua mwenyewe, mguu mtulivu, usiache gari libadilishe gia katikati ya kipande kigumu. Fuata alama za gari lililotangulia. Usukani uende polepole, kwa sababu gurudumu lililokatwa linasukuma mchanga na kufanya kazi ya breki. Breki yenyewe isahau: ukitaka kusimama, ondoa mguu gari lijifie lenyewe, na usimame pua ikitazama mteremko. Ukikanyaga breki unajijengea vilima vinne vidogo mbele ya matairi, na kuondoka hapo ndiko wengi wanakokwamia.

Gari litakwambia kabla halijazama. Sauti ya injini inakuwa nzito, boneti inainama kidogo, na mshale wa mwendo unashuka ingawa mguu wako haujasogea. Ongeza mafuta taratibu. Ukiongeza na mshale bado unashuka, acha. Acha kabisa! Kila sekunde magurudumu yakizunguka bila gari kusonga yanajichimbia, mpaka chasisi inakaa juu ya mchanga, na likishakaa hivyo hata L4 ni kelele tu. Ukiacha mapema, rudi kinyumenyume kwenye alama zako mwenyewe. Mchanga huo umeshaukandamiza, na mara nyingi gari linatoka kirahisi.

Likigoma, shusheni watu wote, toa upepo zaidi, chimba mbele ya kila gurudumu na chini ya tumbo la gari, uweke mbele ya magurudumu vile vibao vya plastiki vya kujitolea mchangani, au makuti. Kwa hiyo sepetu fupi isikose kwenye buti. Jeki nayo iwe na kipande cha ubao chini yake, la sivyo itazama yenyewe gari libaki palepale. Na mtu akija na kamba, asifunge kwenye ile tufe ya kukokotea trela. Ikikatika wakati wa kuvutwa kwa kishindo inaruka kama risasi, na imeshaua watu nchi mbalimbali. Kabla ya safari inama chini ya gari jipya ujue ndoano za kuvutia ziko wapi. Vile vitundu vyembamba mara nyingi ni vya kufungia gari melini.

Chalbi ukikwama una siku nzima ya kujitoa. Pwani una saa chache. Mwaka juzi kulikuwa na pikapu ya kijivu chini kabisa karibu na maji, pale mchanga ulipoonekana umekaza. Mchanga uliolowa chepechepe ukitikiswa na gari unageuka uji, ndiyo maana mstari mzuri ni ule wa unyevunyevu katikati, juu ya mawimbi na chini ya mchanga mkavu. Dereva alikanyaga mafuta mpaka milango ikagusa mchanga. Wavuvi walimwambia, "Mzee, achana na injini, maji yanajaa." Tulifunga kamba na kuchimba huku mawimbi yakiingia kwenye mashimo na kuyafukia upya. Ilitoka, maji yakiwa yameshalowesha viti.

Uliza wenyeji habari za bamvua, yaani siku za maji makubwa ya bahari, kabla hujashuka. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari ya Kenya hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, na kwenye ufuo usio na mwinuko hiyo ni sehemu pana sana inayofunikwa. Siku hizo maji hupwa sana mwendo wa saa nne asubuhi na kujaa mwendo wa saa kumi jioni, na kila siku inayofuata saa zinasogea mbele kwa karibu dakika 50. Mamlaka ya Bandari hutoa jedwali la maji la mwaka mzima. Ingia maji yakiwa yanapwa, si yanapojaa. Usiku usiingie kabisa, na usipande sehemu ya juu karibu na nyasi na vilima: ndiko kasa wanakotaga.

Kwa taarifa tu, mchanga huo wa Mambrui sehemu kubwa umeletwa na Mto Sabaki, ambao ndio Athi wetu huu huu ukifika chini. Kwa hiyo unaenda kukwama kwenye udongo wa kwenu.

Usifanye mazoezi yako ya kwanza huko, familia ikiwa ndani. Toka Jumamosi asubuhi na gari la pili, uende laga (mto wa msimu) yoyote kavu upande wa Kajiado au Makueni ambako malori huchota mchanga, na uombe ruhusa. Madereva wa malori hayo watakuonyesha mengi kuliko video. Angalia mawingu ya milimani. Laga hujaa maji wakati juu yako jua linawaka.

Beba kompresa ya kujazia upepo, ile inayobana kwenye betri, zile za tundu la sigara zinachoka tairi la pili. Jaza kabla ya kurudi lami, kwa sababu presha 20 kwenye mwendo wa barabara kuu inachemsha tairi mpaka lipasuke. Siku hiyohiyo oshesha gari chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, chasisi na breki zote. Na ukihisi usukani unatetemeka njiani, kabla ya kulipa fundi wa balansi, mwambie mwoshaji apige maji ndani ya rimu. Mchanga mbichi hugandia humo.