Njia za Kulipia Virginia: Watu Watatu Peke Yao Hawatoshi

Ukikaa kaskazini mwa Virginia na kazi yako iko Washington, barabara kuu za I-66 na I-95 unazijua. Umekwama kwenye foleni, na pembeni magari yanateleza kwenye njia za kulipia, ambako wenye HOV-3 hupita bure. Ndugu zetu wengi wameandikiwa faini humo bila kukusudia kumdhulumu yeyote, na inaniuma, kwa sababu faini hizi zinaepukika.

HOV-3 ni watu watatu ndani ya gari, dereva akiwamo. Mtoto mchanga naye anahesabiwa. Nilishasimamishwa nikiwa na mke wangu mbele na mwanetu amelala nyuma kwenye kiti chake. Kwa nje haonekani kabisa. Askari alichungulia, akamwona, akaturuhusu. Siku hizi nikisimamishwa nashusha kioo cha nyuma kabla hajafika dirishani.

Lakini hata mkiwa watano, mkiwa na E-ZPass ya kawaida, kile kifaa cha kulipia tozo kinachokaa garini, mtatozwa. Inatakiwa E-ZPass Flex, ile yenye swichi, nayo iwe imewekwa upande wa HOV. Hapo ndipo watu wanaponaswa: umewashusha wenzako, unarudi peke yako, swichi iko palepale. Mtambo unakupitisha bure, na polisi wa jimbo wakikukuta peke yako, unahesabiwa mkwepaji. Mimi abiria akishuka, nairudisha swichi kabla sijaondoa gari. Ukiazimwa gari, itazame kwanza kuliko hata mafuta.

Kipande cha I-66 kilicho ndani ya Beltway, barabara inayoizunguka Washington, kiliwachanganya wengi, maana hadi Desemba 2022 watu wawili walitosha. Sasa ni watatu. Masharti ya hapo ni ya siku za kazi tu: asubuhi kuelekea Washington, saa kumi na moja na nusu hadi saa tatu na nusu, jioni kuelekea magharibi, saa tisa hadi saa moja. Nje ya saa hizo unapita bure hata ukiwa peke yako. Usidhani I-95 na I-495 ziko hivyo. Huko ni saa 24.

Faini ya kwanza ni dola 125, na juu yake gharama za mahakama. Ukirudia ndani ya miaka mitano ni 250, halafu 500, halafu 1,000, na kuanzia kosa la pili unawekewa pointi tatu za makosa kwenye rekodi yako ya udereva. Kwa anayeishi kwa usukani, teksi au lori, pointi hizo zinauma kuliko hela. Lipa tozo, hata siku ikiwa ghali.

Ukiandikiwa, saini. Kusaini si kukiri kosa. Soma tarehe ya mahakama, usiipuuze, na kama kweli mlikuwa watatu, nenda na mliokuwa nao. Ujumbe wa simu unaodai tozo na kukupa kiungo cha kulipia usiuguse. FBI ilionya kuhusu matapeli hao mwaka 2024.

Ukikosa mtu wa tatu, pita maegesho ya Horner Road, Woodbridge. Tangu miaka ya 1970 watu wa huku wana desturi ya kupanga foleni na kupanda magari ya wasiowajua, hakuna anayemlipa mwenzake. Taja unakokwenda kabla hawajapanda, maana kila foleni ina kituo chake.