Tiara Paje na watoto: angalia maji kwanza

Dada nimekuelewa, unataka kuwatoa watoto mjini uwapeleke tamasha la tiara pwani ya Paje, Unguja, mdogo ana pumu na hujui muende saa ngapi. Nendeni tu, ila usifuate saa ya kwenye tangazo, fuata maji. Siku za bamvua (maji makubwa), yaani mwezi mpevu au mwezi ukiandama, kama saa 4 asubuhi yanakuwa yamekupwa mbali huko, mchanga wote wenu, lakini ikifika saa 10 alasiri yameshajaa, pwani inabaki kijisehemu, watu wanabanana na nyuzi zinapita shingoni. Kwa hiyo wahini asubuhi.

Mi uzi naogopa kuliko bahari. Vijana wanatumia mshipi wa kuvulia, na upepo wa kusi ukivuma tiara ikivuta unakatwa kidole hivi hivi. Wako wape uzi mnene wa pamba na tiara ndogo ya njiti za chelewa na gazeti, mkia wa kitambaa uwe mrefu ili isizunguke zunguke. Wale wanaoteleza majini kwa matiara makubwa kaeni nao mbali (wakitua hawaangalii mtu). Ikinasa kwenye waya wa umeme iacheni hapo hapo.

Huyo wa pumu muulizie kwa daktari wake kabla, na pampu iwe mkobani kwako. Akibanwa na pampu isimsaidie, hospitali moja kwa moja. Na daladala ya kurudi usiisubiri mpaka magharibi, zinapungua.