Nenosiri la nani? Kushirikisha faili kwenye mtandao mdogo

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaunganishia watu kompyuta chache nyumbani na ofisini, na swali moja halikosi: "Mbona nikifungua folda ya kompyuta nyingine inanidai nenosiri, na nikiweka langu inalikataa?" Ni kwa sababu unabisha hodi kwa jirani ukiwa umeshika ufunguo wa nyumba yako.

Mtandao mdogo usio na seva kuu hauna orodha moja ya watumiaji. Kila kompyuta ina akaunti zake na haizijui za mwenzake. Ukifungua folda iliyo kwenye kompyuta nyingine, yenye faili ndiyo inayoamua. Basi mfungulie kila mtu akaunti kwenye kompyuta hiyohiyo yenye faili, akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya msimamizi. Jina na nenosiri vikifanana na anavyotumia kwenye kompyuta yake, Windows humpitisha kimyakimya.

Wengi hukwama kwenye PIN. Namba ile fupi hufanya kazi kwenye kompyuta uliyoiwekea tu, haivuki mtandao. Folda ikiwa kwenye kompyuta yenye akaunti ya Microsoft, andika baruapepe na nenosiri kamili la akaunti hiyo. Na akaunti isiyo na nenosiri kabisa? Ukikaa mbele ya kompyuta yenyewe utaingia, lakini kupitia mtandao Windows huikataa, isipokuwa mtu awe amebadilisha mpangilio huo.

Hapo ndipo watu huchoka na kuzima ulinzi wa nenosiri ili kila mtu aingie. Tafadhali usifanye hivyo. Mgeni uliyempa Wi-Fi yako yumo ndani ya mtandao uleule, na kirusi kilichomo kwenye laptopu yake kimo pia. Vivyo hivyo, usiiwashe SMB1, itifaki ya zamani ya kushirikisha faili, kwa ajili ya skana kuukuu. WannaCry, kirusi kilichofunga faili za watu na kudai fidia, ilisambaa Mei 2017 kwa kupitia udhaifu wa itifaki hiyohiyo.

Nenosiri moja la ofisi nzima nalo silipendi hata kidogo. Niliwahi kuitwa mahali ambapo mfanyakazi ameondoka, na ilibidi tubadilishe nenosiri kwenye kila mashine, huku hakuna anayejua nani alifuta nini. Kila mtu akiwa na akaunti yake, anayeondoka unamfungia yeye peke yake na wengine hawasumbuki. Pia unaweza kumruhusu mmoja asome tu na mwingine aandike. Kumbuka ruhusa za Windows zina ngazi mbili, ya kushirikisha na ya folda yenyewe, na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Ukiona mtu anaingia lakini hawezi kuhifadhi, anzia hapo.

Kwenye Linux, Samba, yaani programu inayoshirikisha faili na kompyuta za Windows, huwa na hifadhi yake ya manenosiri. Kuwa na akaunti ya Linux hakutoshi. Mwongeze mtumiaji kwa amri ya smbpasswd -a ikifuatiwa na jina lake.

Ukibadilisha nenosiri, ingia kwenye Control Panel ya kompyuta inayounganika, sehemu ya Credential Manager, ufute lile la zamani, maana Windows itaendelea kulituma bila kukuambia. Na ikikulalamikia kwamba umeunganika kwa majina mawili tofauti, amri ya net use * /delete, ukiiandika kwenye Command Prompt, itakata miunganisho yote, kisha uingie upya kwa jina moja.