Mawe ya kijani kisimani: je, ni shaba?

SWALI: Ninachimba kisima huku Nyatike, Kaunti ya Migori, si mbali na mgodi wa zamani wa Macalder. Kwenye futi kumi na mbili nimekuta mawe ya kijani. Je, hii ni shaba, na inaweza kunilipa?

JIBU: Ndugu msomaji, rangi ya kijani pekee haitoshi. Miamba mingi ya ukanda wa Migori ni lava iliyomwagika chini ya bahari zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, na kijani chake kwa kawaida hutokana na madini ya kloraiti na epidoti, ambayo hayana shaba. Kijani cha shaba ni malakaiti: ni cha kukolea, hukaa kama utando ndani ya nyufa, na jiwe likisagwa unga wake hubaki kijani.

Saga kijiko kimoja cha utando huo, uloweke katika siki usiku kucha, kisha utumbukize msumari uliosuguliwa mpaka ukang'aa. Kukiwa na shaba ya kutosha, msumari utavaa ngozi nyekundu. Jaribio hili ni rahisi, nami huliamini kuliko macho yangu.

Macalder yenyewe ilitokana na maji moto yaliyopenya sakafu ya bahari hiyo ya kale na kuacha mabonge ya pairaiti (madini ya chuma na salfa), kalkopairaiti (madini ya shaba, chuma na salfa) na madini ya zinki. Sehemu ya juu ilioza kwa hewa na mvua, ikabaki kofia ya kutu yenye dhahabu. Ndiyo maana, baada ya mbio za dhahabu za Kakamega kuanza mwaka 1931 na watafutaji kuenea Nyanza Kusini, mgodi ulianza kwa dhahabu, na shaba ikafuatwa ndani zaidi hadi ulipofungwa mwaka 1966. Kwa hiyo, msumari ukiwa mwekundu, kinachofuata ni kutafuta kutu hiyo ya kahawia yenye vitundu kama sifongo, na kuona inaelekea wapi shambani.

Kuhusu malipo, kisima kimoja hakipimi bonge la madini, ambalo huweza kuwa na unene wa mita chache na kukatika ghafla. Thamani hujulikana kwa mitaro, sampuli za udongo, vipimo vya umeme na hatimaye kuchoronga, yaani kutoboa mwamba kwa mashine. Aidha, kwa Sheria ya Madini ya 2016, madini yaliyo chini ya shamba lako ni ya taifa. Usichimbe kuyatafuta kabla ya kupata kibali.

Jambo la haraka zaidi ni kisima chenyewe. Pairaiti ikikutana na hewa na maji huzaa asidi, nayo huyeyusha shaba na pengine arseniki, ambayo ni sumu. Tafadhali, kabla watoto hawajateka, peleka chupa ya maji hayo yakapimwe maabara.