Maswali na majibu: Estonia imegawanywaje?

Nchi ndogo vile ina mikoa mingapi?

Kumi na mitano. Watu wote hawafiki milioni moja na nusu, na karibu nusu yao wako Harju, mkoa wenye mji mkuu, Tallinn. Hiiu, ambao ni kisiwa na visiwa vyake vidogo, hauna hata watu 10,000. Wote huitwa mikoa, ila tofauti yao ni mbingu na ardhi.

Mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais au huchaguliwa na wananchi?

Hateuliwi wala hachaguliwi. Cheo hicho hakipo tena. Ofisi za mikoa zilifungwa mwisho wa 2017, kazi zake zikagawanywa kati ya wizara, idara za serikali na halmashauri. Mikoa imebaki kwenye ramani, anwani na takwimu. Mtanzania aliyezoea misafara ya mkuu wa mkoa kukagua miradi ataona ajabu.

Basi nani anaendesha shule na kukarabati barabara za mitaa?

Halmashauri, na hapo ndipo penye nguvu. Baada ya mageuzi ya 2017 zilibaki 79: 15 za miji na 64 za vijijini, ziitwazo *vald*. Madiwani huchaguliwa kila baada ya miaka minne, nao ndio humchagua meya. Kijana wa miaka 16 anapiga kura.

Fedha nyingi hutokana na fungu la kodi ya mapato ya kila mkazi aliyejiandikisha pale. Kwa hiyo mkazi ni mali. Mwaka 2013 Tallinn ilifanya mabasi na tramu kuwa bure, lakini kwa wakazi walioandikishwa tu. Waliokuwa wakiishi mjini huku anwani zao zikisoma kwingine wakahamisha anwani, na kodi ikawafuata. Ujanja halali, nami nausifu.

Nimesoma kwamba halmashauri zilikuwa zaidi ya 200. Zimekwenda wapi?

Zilikuwa 213. Sheria ya 2016 ilitaka kila moja iwe na wakazi wasiopungua 5,000. Zilizoungana kwa hiari zilipewa fedha. Nyingine serikali ikaziunganisha kwa lazima. Kisiwani Saaremaa, 12 zikawa moja. Mji wa Pärnu nao ulimeza majirani, na sasa unaweza kupita misitu na mashamba ukiwa bado ndani ya "mji". Visiwa vidogo vilisamehewa: Ruhnu, wenye wakazi wachache kuliko wanafunzi wa shule moja ya msingi huku kwetu, una halmashauri yake.

Mgeni anaruhusiwa kupiga kura ya madiwani?

Raia wa Umoja wa Ulaya anayeishi huko, ndiyo. Raia wa nchi nyingine wenye ukazi wa kudumu waliruhusiwa hadi Machi 2025, Katiba ilipobadilishwa. Shabaha ilikuwa Warusi, ambao ni wengi upande wa Narva, mji wa mpakani na Urusi, lakini rungu limempata hata Mkenya aliyeweka makazi mji wa Tartu.