Taa Zetu za Nje Zimekataliwa

SWALI: Shikamoo, Mzee. Nasimamia ujenzi wa hoteli ndogo huku Watamu, ufukweni kabisa. Mwenye mradi ataka cheti cha LEED, kile cha majengo yanayotunza mazingira. Tumeshanunua taa 22 za nguzoni, zile za duara jeupe kama mpira, lakini mshauri wetu amezikataa. Mwenye mradi naye ahofia wezi tukipunguza mwanga. Nifanyeje?
Msimamizi, Kilifi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Zirudishe dukani kabla maboksi hayajafunguliwa. Taa ya duara hung'aa pande zote, na karibu nusu ya mwanga unaoulipia huishia angani.

LEED huipima taa kwa herufi tatu: B ni mwanga unaoangukia nyuma yake, U unaopanda juu, G unaochoma macho. Mdai muuzaji karatasi yenye madaraja hayo. Asiye nayo, mpite. Viwanja navyo vina kanda, kuanzia 0 penye giza la asili hadi 4 penye mwanga mwingi wa mjini. Mkiwekwa kanda ya 1, daraja la U lisizidi 1. Nguzo iliyo karibu na mpaka hubanwa zaidi kwenye B na G, basi zisogezeni ndani.

Yote hayo ni pointi 1 tu ya cheti. Mimi ninalolijali ni jingine. Zamani nilifunga taa kali kwenye ukuta unaotazama bahari. Alfajiri moja mlinzi akaniita: watoto wa kasa walikuwa wametambaa hadi maegesho yetu. Wakianguliwa usiku hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao tangu asili ni bahari. Tuliwaokota kwa ndoo, wengine wameshakauka. Sijasahau. Upande wa bahari, sasa, nafunga taa fupi zenye kofia, balbu ya rangi ya kaharabu, kamwe si nyeupe.

Kuhusu wezi, mpeleke mwenye mradi getini usiku, asimame taa kali ikimtazama. Hatamwona mtu aliye nyuma ya taa hiyo. Taa inayomulika chini humwonyesha mlinzi sura ya anayekuja. Njia za nyuma ziwekeeni sensa za kuwasha taa mtu akipita, taa za bustani zizimwe na taima saa sita usiku.

Kabla ya kukabidhi kazi, shuka ufukweni usiku usio na mwezi, ugeuke uitazame hoteli. Balbu yoyote utakayoiona wazi kutoka pale mchangani, rudi uifunike.