Barua kwa mwanangu: sketi ya Nyamizi

Isevya, Tabora

Mwanangu Mama Nyamizi,

Ujumbe wako umefika. Umeniandikia kwamba Nyamizi, miaka 11, tangu shule zifunguliwe anajizungushia mkanda tumboni kila asubuhi kuona kama amepungua. Usiku anasema ameshiba kabla hajanawa. Juzi umemkuta bafuni na sabuni ya dada wa kazi, ile ya kung'arisha ngozi. Sketi ya shule umeitaja kwa mstari mmoja tu, kwamba "inambana, na fundi kasema amezidi". Mwisho umeuliza, "Mama, nimwambie nini?" Nitaanza na hiyo sketi, maana nadhani mambo yalianzia hapo.

Sketi ya mwaka jana haiwezi kumtosha mtoto wa umri huo. Balehe ya msichana huanza kati ya miaka 8 na 13. Matiti hutangulia, mara nyingi moja huchomoza kabla ya jingine, na hedhi hufuata baada ya miaka 2 au 3. Katikati hapo mtoto hurefuka mbio, hata sentimita 8 kwa mwaka mmoja. Wasichana wengi hujaa kidogo kabla ya kuvutika: tumbo hutuna, mapaja yanajaza, nyonga inatanuka. Karibu nusu ya uzito atakaokuwa nao ukubwani huongezeka ndani ya miaka hii ya balehe. Mzazi akiona kitumbo cha miaka 11 akapunguza ugali, anakata chakula wakati mwili unakihitaji kuliko wakati wowote tangu alipokuwa mchanga.

Kwa hiyo rudi kwa fundi, lakini nenda asubuhi kabla kibanda hakijajaa watu. Mwambie mapema, mtoto akiwa hayupo, kwamba vipimo aviandike bila kuvitamka. Kiuno kiwe na lastiki nyuma na kitambaa cha kawaida mbele. Mshono wa ubavuni aache inchi 1 kila upande, na upindo wa chini inchi 3. Mafundi wengi huacha nusu inchi ili kuokoa kitambaa, ndiyo maana sketi ikibana haifumuliki. Ukiwa na inchi 1 kila upande, mwakani unafumua na kupata nafasi bila kununua mpya. Ile ya zamani mpe binamu yake wiki hii hii. Ikibaki kabatini, mtoto ataijaribu kila Jumapili kuona kama amerudi alikotoka.

Umesema pia ulimpima: sentimita 140, kilo 35, ukatafuta hesabu kwenye simu. Kilo 35 ukizigawa kwa mita 1.4 mara 1.4 unapata karibu 18. Ukisoma jibu hilo kwa kipimo cha watu wazima, chini ya 18.5 ni mwembamba kupita kiasi, na ungekimbilia kumnunulia vidonge vya kunenepa. Mtoto wa miaka 5 hadi 19 ana jedwali lake la Shirika la Afya Duniani, linalokwenda kwa umri na jinsia. Kwa msichana wa miaka 11 katikati ya jedwali ni kama 17, na uzito uliozidi huanza kuhesabiwa karibu na 20. Nyamizi yuko palepale panapotakiwa. Na mzani usikae chumbani. Kumpima mara mbili kwa mwaka kwenye kituo cha afya kunatosha, na kinachoangaliwa ni mwelekeo wa mstari wake, kama unapanda sambamba na wa umri wake. Namba ya siku moja haisemi mengi.

Vidonge vya kunenepa nimevitaja kwa sababu nasikia huko Kigoma navyo vinauzwa kama karanga. Vingi ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi, au deksamethazoni, ambayo huvimbisha uso, hupandisha sukari na kuzilaza tezi za mwili zisifanye kazi yake. Mtoto asiviguse, wala shangazi yake asivinywe mbele yake.

Sasa midomo yetu. Hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo, kwa sababu mambo mengine yote utayarekebisha kwa siku mbili, hili litakuchukua mwaka.

Kwetu mtu akirudi safari anapokewa na "Umenenepa, umependeza!" Aliyepungua anaulizwa kwa sauti ya chini kama anaumwa. Mtoto huyo huyo akifika shuleni, kunenepa ni tusi: bonge, tipwatipwa, pipa. Mwembamba naye haponi, ni njiti, ni kimbaumbau. Nyamizi amesikia sifa na tusi kwenye neno moja, kutoka kwa watu wanaompenda na wasiompenda, naye ana miaka 11. Unataka aelewe nini hapo? Anachoelewa ni kwamba mwili wake ni jambo la kujadiliwa na kila anayepita mlangoni.

Halafu kuna shemeji yako anayemwita Bonge. Utasema ni utani, na mimi mtu wa Tabora siwezi kuukana utani. Mnyamwezi anaweza kukutania hata msibani na hakuna wa kumkasirikia. Lakini utani una sharti lake, anayetaniwa lazima aweze kurudisha. Babu akimwita mjukuu "mke wangu mwenye meno ya kuazima", mjukuu anamjibu "na wewe huna hata ya kuazima", wote wanacheka. Baba mdogo ni baba. Nyamizi hawezi kumjibu "na wewe kitambi", akijaribu atapigwa kofi. Basi huo si utani, kwa sababu unakwenda upande mmoja. Mwambie shemeji faraghani, usimwaibishe mezani: "Baba mdogo, mwite jina lake. Hilo jingine limemfanya aache kula usiku." Usimpe hotuba. Akisahau, rudia maneno yale yale. Akitaka kumtania, amtanie kwa uvivu wa kuosha vyombo au kwa timu anayoshangilia, mambo ambayo mtoto anaweza kuyajibu.

Na wewe mwenyewe, mwanangu. Ukijaribu gauni la harusi mbele ya kioo na kusema "kitambi hiki kitaniua", anasikia. Si lazima ujisifu, sifa za kulazimisha mtoto hujua ni za uongo. Sema tu "gauni hili limebana, nitavaa lile la kijani," uende zako.

Akikuuliza, "Mama, mimi ni mnene?", mdomo utataka kuruka: "Hapana, wewe si mnene, wewe mzuri!" Uzuie. Jibu hilo linamwambia kwamba unene ni kitu cha kutisha, na siku kilo zikiongezeka atajua umemdanganya au amekuwa mbaya. Uliza kwanza, "Nani kasema?" Subiri. Akishataja jina, uliza, "Alisema mbele ya nani? Ukafanyaje?" Kisha mweleze mwili wake kwa maneno ya kawaida: "Mwili wako unajiandaa kurefuka na kupata hedhi. Tumbo na mapaja hujaa. Mimi nilikuwa hivyo, shangazi yako pia." Mwongezee na maneno ya kumjibu mwenzake shuleni, mafupi, yasiyo ya matusi: "Mwili wangu haukuhusu." Fanyeni mazoezi jikoni, wewe ukiwa mtukanaji, mpaka ayaseme bila sauti kutetemeka. Usimfundishe kumtukana mwenzake kwa pua au rangi. Atashinda siku moja, na kesho yake maungo yatakuwa yamekuwa silaha darasani kwao.

Chakula cha usiku. Kazi yako ni kuamua nini kinapikwa, saa ngapi na mnakaa wapi. Kiasi gani kinaingia tumboni ni kazi yake. Usiseme "maliza", usiseme "umeongeza tena?" Asiposhika tonge, akae hapo hapo na wenzake, asitumwe chumbani. Sinia hapa linakusaidia kwa sababu hakuna sahani ya kukaguliwa, ila lina shida moja: anayejinyima hujificha kwenye mikono ya wengine. Kwa wiki mbili mpakulie sahani yake kama kila mtu, bila maelezo, uone. Ugali, migebuka au dagaa, maharage, mboga yenye mawese, hakuna kilicho "kibaya" hapo, na usianze kuviita vyakula vizuri na vibaya. Mtoto anayeruka mlo wa usiku hulala na njaa, asubuhi hana nguvu, na saa 4 anakula maandazi matano kwa pupa, kisha anajichukia na kujinyima tena. Mzunguko huo unakatika kwa mlo unaofika saa ile ile kila siku. Akishaanza hedhi atahitaji madini ya chuma zaidi, kwa hiyo dagaa, maharage na majani ya kijani visikose, pamoja na tunda kama embe au chungwa linalosaidia chuma kufyonzwa. Chai ya rangi isubiri saa moja baada ya mlo, inazuia chuma kufyonzwa.

Mazoezi asiyapewe kama adhabu ya tumbo. Rede na kamba vinatosha, saa moja kwa siku, kwa sababu ni mchezo.

Ile sabuni. Usimfokee dada, naye ameuziwa. Soma maandishi yake: zebaki, haidrokwinoni, au majina ya steroidi, dawa kali za ngozi, kama klobetasoli na betamethazoni. Kama haina maandishi kabisa, ichukulie kuwa mbaya zaidi. Zebaki huharibu figo, na hupita kwa watu wengine kupitia taulo na mashuka, hivyo hata asiyejipaka hayuko salama. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huacha mabaka ya bluu-nyeusi usoni yasiyotoka. Steroidi hukondesha ngozi, huleta michirizi na vipele. Ukiiondoa, usiichome moto, mvuke wa zebaki ni sumu mbaya kuliko sabuni yenyewe. Ifunge kwenye mfuko, uulize kituo cha afya pa kuipeleka. Vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, nako unaweza kutoa taarifa za duka. Nyamizi kama ameitumia siku mbili tatu, aache tu, aoge kwa sabuni ya kawaida na apake mafuta ya mgando. Dada aliyepaka krimu ya steroidi kwa miezi asiache ghafla bila kumwona daktari: uso utavimba na kuwaka, naye atadhani krimu ilikuwa inamponya, atairudia.

Rangi anayoitaka ameiona kwenye simu. Mkae dirishani pamoja, mchana. Fungua kamera ya mbele, tafuta kitufe cha urembo, mpige picha kikiwa kimewashwa, halafu kikiwa kimezimwa, mahali pale pale. Ziwekeni picha mbili ubavu kwa ubavu mhesabu: macho yamekuzwa, taya limekatwa, pua imebanwa, ngozi imefutwa vinyweleo. Kisha azime kitufe yeye mwenyewe. Mtoto aliyeona udanganyifu kwa uso wake haamini kirahisi nyuso za wengine.

Yako mambo ya kukupeleka hospitali bila kungoja. Mtoto wa umri huu hapaswi kupungua uzito. Akipungua, kuna sababu. Akitapika baada ya kula kwa siri, akizimia, akiwa ameanza hedhi kisha ikakatika miezi 3 mfululizo, nenda. Akiwa anakonda huku anakunywa maji sana na kukojoa mara kwa mara, nenda siku hiyo hiyo, apimwe sukari. Na mwangalie shingo kwa nyuma. Ngozi ikiwa nyeusi, nene na laini kama mahameli, usimsugue kwa dodoki ukisema haogi. Weusi ule hautoki kwa sabuni. Mara nyingi ni dalili kwamba mwili unashindwa kuitumia vizuri insulini, homoni inayodhibiti sukari, na dawa yake ni kupimwa. Wangapi wamesuguliwa shingo mpaka damu kwa kosa lisilo lao!

Kaka yake usimsahau. Wavulana huchelewa kurefuka mbio kama miaka 2, ndiyo maana dada zao huwapita urefu. Akikufuata kwa aibu kwamba kifua kimetoa uvimbe chini ya chuchu, hutokea kwa wavulana wengi, na huisha wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Aoge peke yake, na asivuliwe shati mbele ya wageni.

Nimempa kondakta wa basi la Kigoma kifurushi: michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa vibichi) kilo 2, matobolwa (vilivyochemshwa kisha vikakaushwa) kilo 1, na chupa ya asali. Michembe chemsha na karanga za kusaga. Matobolwa waweke kwenye mfuko wa shule, ya kutafuna saa 4 badala ya maandazi. Ukishaongea na shemeji, nipigie.

Mama yako